Nani wa Kulaumiwa Kibarua Kikiota Nyasi

Baba yangu alikuwa mwokaji mikate katika hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi. Alitoka nyumbani saa nane za usiku ili wageni wapate mkate wa moto asubuhi, akarudi adhuhuri nguo zikinuka hamira. Siku ya mshahara alikuwa na desturi yake. Baada ya swala ya alasiri, muuza kahawa alipopita barazani kwetu na dele lake, akigonganisha vikombe, baba ndiye aliyewalipia wote. Haikuwa pesa nyingi, lakini mtaa mzima ulijua kahawa ya mwisho wa mwezi ni yake.

Agosti 1997 vurugu zikazuka Likoni, Mombasa, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu. Watalii wakakatiza safari zao, na ndege za kukodi kutoka Ulaya zikapungua hadi hoteli zikabaki na wafanyakazi wengi kuliko wageni. Kufikia Novemba baba alikabidhiwa barua ya aya mbili.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kazi yangu ilikuwa kwenda kumwita barazani chakula kikiwa tayari. Ndivyo nilivyogundua kwamba amebadilisha saa. Alianza kutoka nyumbani baada ya muuza kahawa kupita. Alisimama kwenye kona ya uchochoro, akangoja vikombe vikusanywe na ile sauti ya shaba ipotelee mtaa wa pili, kisha akaenda kuketi na wenzake kana kwamba amechelewa tu. Hakuna aliyemfukuza, na wenzake wangemlipia kwa furaha. Lakini aliyezoea kulipia watu huona uzito kulipiwa, na uzito huo hauandikwi kwenye takwimu yoyote.

Barazani mazungumzo yalikuwa ya siasa: serikali imetumaliza, safari hii lazima waondoke. Baba aliitikia kama wengine. Usiku, kupitia ukuta wa chumba chetu, nilimsikia akimwambia mama maneno mengine kabisa. Kosa ni lake. Angesoma zaidi, angekubali ile kazi ya Mombasa alipoitwa. "Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole," alisema.

Mama akamjibu: "Baba wanangu, wewe ndiwe uliyechoma nyumba za watu Likoni?"

Mimi leo ni mchumi wa masuala ya ajira, na kwa kiasi kikubwa kazi yangu yote ni kujaribu kulijibu swali lile la mama vizuri. Nani hasa alaumiwe uchumi unapodorora, na kwa lipi?

Nianze na upande unaowaudhi wengi. Mara nyingi kiongozi tunayemlaumu hakuuleta mdororo, na mara nyingi tunayemsifu kwa neema hakuileta hiyo neema. Mwaka 1992 Rais George H. W. Bush wa Marekani alishindwa uchaguzi, na sababu kubwa ilikuwa hasira za watu juu ya uchumi. Mdororo wenyewe ulikuwa umekwisha Machi 1991. Kamati ya wachumi inayopanga tarehe hizo kule ilitangaza hivyo tarehe 22 Desemba 1992, wiki saba baada ya kura kupigwa. Tusiseme wapiga kura walidanganyika, kwa sababu kazi hurudi polepole hata uzalishaji ukishaanza kupanda. Lakini hukumu ilitolewa juu ya jambo ambalo hata mafundi walikuwa hawajalitamka.

Utafiti ulio karibu zaidi na hali yetu ni wa Daniela Campello na Cesar Zucco juu ya marais wa Amerika ya Kusini. Walionyesha kwamba umaarufu wao na nafasi yao ya kurudi madarakani vilifuata sana mambo mawili yasiyoamuliwa nchini mwao: bei za bidhaa ghafi katika soko la dunia na riba za Marekani.

Sisi tuliionja riba hiyo juzi tu. Kuanzia Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sufuri hadi zaidi ya asilimia 5 katikati ya 2023. Wenye mitaji wakazirudisha dola zao kwao, ambako sasa zililipa zaidi. Shilingi yetu ikaanguka hadi kama 160 kwa dola Januari 2024. Mafuta na ngano tunanunua kwa dola, kwa hiyo vikapanda. Benki Kuu ya Kenya nayo ikapandisha riba yake hadi asilimia 13 Februari 2024. Mwenye nyumba ya wageni hapa Casuarina aliyekopa ili ajenge vyumba sita akaona marejesho yanapanda huku mafuta ya jenereta na unga wa jikoni vikipanda pia. Akakaa na daftari lake akatafuta pa kupunguza. Mkopo haupunguziki. Umeme haupunguziki. Anayepunguzika ni kijana wa bustani na mama wa kufua mashuka. Mama yule wa mashuka hajawahi kusikia jina la mwenyekiti wa benki kuu ya Marekani, na hana sababu ya kulisikia. Yeye anamjua gavana na rais, na hao ndio anaowalaumu.

Sasa upande wa pili, kwa sababu nisipousema nitakuwa nimewatetea watu wasiostahili. Vurugu za kuelekea uchaguzi hazishuki kutoka mbinguni. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya elfu moja waliuawa nchini, na ukuaji wa uchumi ukashuka kutoka karibu asilimia 7 mwaka 2007 hadi chini ya asilimia 2 mwaka 2008. Msukosuko wa fedha duniani ulichangia, ukame pia. Lakini hoteli za pwani zilianza kufunga milango Januari 2008, na benki ya Lehman Brothers ya Marekani, ambayo anguko lake ndilo lililouwasha msukosuko huo, ilianguka Septemba. Hesabu ya miezi inatosha kumtaja mhusika. Vilevile na deni: riba za Marekani hatuzipangi, lakini mkopo wa Eurobond, yaani hati za deni tulizowauzia wawekezaji wa nje, wa dola bilioni 2 uliotubana ulipoiva Juni 2024 ulisainiwa na watu wetu mwaka 2014.

Watu wa bahari wanalielewa hili bila mimi kulieleza. Nahodha hajibu kwa nini kusi imevuma. Anajibu kwa nini aling'oa nanga akiwa hana farumi ya kutosha, ule uzito wa kutuliza chombo, na kwa nini maji yalipoingia hakuna aliyekuwa tayari kuyafua.

Na kuna lawama ya tatu, ambayo naona ndiyo nzito kuliko zote na ndiyo inayosemwa kidogo. Mwaka 2020 uchumi wa Kenya ulinywea kwa asilimia 0.3 tu. Ukisoma namba hiyo Nairobi unaweza kushusha pumzi. Lakini sekta ya hoteli na mikahawa ilinywea karibu nusu. Hapa Malindi tulipata pigo kabla ya wengine, kwa sababu wageni wetu wengi ni Waitaliano na Italia ndiyo iliyotangulia kuugua Ulaya. Mwezi Machi ndege za kimataifa zikasimamishwa, Aprili kaunti ya Kilifi ikafungwa watu wasiingie wala kutoka. Wastani wa taifa ukaficha mji mzima. Hakuna kiongozi aliyeuleta ugonjwa ule, nami sitamlaumu yeyote kwa hilo. Ninachokilaumu, na nakilaumu kwa moyo wangu wote, ni kwamba baada ya mdororo wa 1997, wa 2008 na ule wa 2014, ambapo maonyo ya kusafiri kutoka Ulaya na mauaji ya Mpeketoni kule Lamu vilituzimia msimu mzima, tulifika 2020 hatujawahi kuweka kitu chochote cha kumshika mtu anapoanguka. NSSF, mfuko wetu wa taifa wa akiba ya wafanyakazi, haikulipi kwa sababu umekosa kazi. Wenzetu wa Tanzania waliingiza fao la kukosa ajira katika sheria za hifadhi ya jamii mwaka 2018. Sisi tunabishana nani kaangusha uchumi, na aliyeangukiwa bado yuko chini.

Kinachompata aliye chini kimechunguzwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikwenda Marienthal, kijiji cha Austria ambacho karibu watu wake wote walitegemea kiwanda kimoja cha nguo, na kiwanda kimefungwa. Walikaa mahali wasipoonekana, wakaangalia watu wakipita barabara kuu. Karibu theluthi mbili ya wanaume walisimama njiani angalau mara mbili. Hawakuwa na pa kuwahi. Maktaba ya kijiji iliacha kutoza ada, na hata hivyo vitabu vilivyoazimwa vilipungua karibu nusu ndani ya miaka miwili. Watu walikuwa na muda wote wa dunia na hawakuweza kusoma. Niliposoma matokeo hayo chuoni nilifunga kompyuta nikatoka nje, kwa sababu nilimwona baba amesimama kwenye ile kona.

Kule Pennsylvania, Marekani, Daniel Sullivan na Till von Wachter waliwafuatilia wanaume waliokuwa na miaka mingi kazini na wakapoteza kazi kampuni zao zilipopunguza watu. Katika mwaka uliofuata, hatari yao ya kufa ilipanda kwa asilimia 50 hadi 100. Aliyeachishwa akiwa na miaka 40 walikadiria kwamba anapunguza umri wake kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Hao ni watu wa nchi yenye malipo ya wasio na kazi.

Siku za Jumamosi nasoma barua za watu bila malipo, chini ya mwarobaini ulio nyuma ya nyumba yetu. Barua nyingi ni za 2020 na baada yake. Mama mmoja wa Maweni alinijia na yake ndani ya mfuko wa plastiki, imekunjwa mara nne. Alitandika vitanda hoteli moja kwa miaka kumi na moja. Barua ilisema ameachishwa "kutokana na hali ngumu ya uchumi", na kwamba atapewa mshahara wa mwezi mmoja. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi sikuja kudai. Nimekuja unisomee kama imeandikwa nilikosea nini."

Nikamsomea mara mbili. Hapakuwa na kosa lolote. Kisha tukapiga hesabu pamoja. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema mwajiri anayepunguza watu lazima atoe notisi ya angalau mwezi mmoja, amjulishe afisa wa kazi, alipe likizo ambazo hazijachukuliwa, na alipe fidia isiyopungua siku kumi na tano kwa kila mwaka uliotimia. Mshahara wake ulikuwa shilingi 18,000. Ukigawa kwa siku 30 ni 600 kwa siku. Siku kumi na tano mara miaka kumi na moja ni siku 165. Nikamgeuzia simu aone mwenyewe: shilingi 99,000, mbali na notisi na mbali na likizo. Aliitazama ile namba kwa muda mrefu. Akauliza, "Hii ni haki yangu hata kama hoteli haina wageni?" Nikamwambia ndiyo, sheria hiyo iliandikwa kwa siku ambazo hoteli haina wageni.

Alilipwa, kwa mafungu matatu. Lakini pesa siyo iliyomnyoosha mgongo siku ile. Ilikuwa kule kusomewa barua na kukuta kosa lake halimo.

Ndiyo maana nawaomba wenzangu tunapokwenda kwenye uchaguzi wa 2027 tubadilishe swali. Mgombea akisema mpinzani wake ndiye aliyeua utalii, mwacheni amalize, kisha mumuulize mambo anayoweza kuyafanya. Kaunti inawalipa lini wafanyabiashara wadogo walioiuzia bidhaa na bado wanadai? Maafisa wa kazi watatosha kufika kwenye hoteli za Watamu na viwanda vya chumvi vya Gongoni, au watakaa ofisini wakingoja malalamiko? Kwa nini mtu aliyekatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi kwa bima ya afya, akipoteza kazi, anatakiwa alipe mchango wa mwaka mzima kwanza, wakati ndiyo kwanza kipato kimekatika? Ataunga mkono fao la kukosa ajira bungeni, ndiyo au hapana?

Na wewe uliye na barua nyumbani, usiichane kwa uchungu. Madai ya ajira yana muda wa miaka mitatu, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina kituo hapa hapa Malindi. Kama uliambiwa wewe ni kibarua tu wa kutwa lakini ulifanya kazi mfululizo zaidi ya mwezi, kifungu cha 37 huenda kinakuhesabu kama mwajiriwa wa mwezi. Tafuta hati zako za mshahara, na kama hukuwahi kupewa hati, tafuta ujumbe wa M-Pesa wa siku ulizolipwa. Njoo navyo Jumamosi baada ya saa tatu. Kahawa ipo.