Kumtafuta nkambo kwenye karatasi: anzia kijiji na kazi

Mama mmoja wa mtaa wa Katuba, hapa Lubumbashi, aliingia ofisini kwetu akiwa na jina moja tu mdomoni. "Niko natafuta nkambo wangu, baba wa baba. Anaitwa Ilunga." Nikamwambia, pole mama, Ilunga nitakuonyesha mia kabla ya saa sita. Huku Katanga kumtafuta Ilunga bila kitu kingine ni kama kuingia soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, kumtafuta mtu mwenye kofia. Nikamuuliza: alifanya kazi wapi? Alipokea posho katika kambi gani? Alifunga ndoa kanisa gani? Akafungua kitenge, akatoa mfuko wa plastiki, na ndani yake kadi ya zamani ya utambulisho ya marehemu baba yake. Jina lilikuwa limefutika nusu. Lakini kijiji, chefferie (eneo la chifu) na territoire (wilaya) vilisomeka vizuri. Kwangu hiyo ilitosha kuanza.

Nyaraka za nchi hii zilipangwa na watu waliotaka kujua mambo mawili: mtu anatoka wapi, na anamfanyia nani kazi. Jina lilikuwa jambo la karani. Aliandika Muamba au Mwamba, Tshibangu au Chibangu, kulingana na sikio lake siku hiyo. Nkambo huyohuyo alikuwa Yoani mtaani, Jean kazini, na Joannes katika kitabu cha padri kilichoandikwa Kilatini. Kisha mwaka 1972 Mobutu akapiga marufuku majina ya Kikristo kwenye karatasi za serikali, na Jean akapotea kabisa. Ukimtafuta kwa jina la ubatizo katika karatasi za miaka ya Zaire utadhani alikufa.

Miji nayo ilibadilishwa majina, ila hiyo ni rahisi kuliko watu. Élisabethville ni Lubumbashi tangu 1966, Jadotville ni Likasi, Albertville ni Kalemie, Costermansville ni Bukavu. Hata Katanga yenyewe iliitwa Shaba hadi 1997. Andika majina yote mawili pembeni mwa daftari lako kabla ya kuanza kusoma.

Sasa jiulize familia yako ilifika lini, kwa sababu mwaka wa kufika ndio unaoonyesha karatasi iko wapi. Reli kutoka kusini ilifika hapa 1910, mwaka uleule mji ulipoanza. Mwaka huohuo likaundwa shirika la kuandikisha wafanyakazi, Bourse du Travail du Katanga, na wengi wa mwanzo waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Kama wazee wenu wanasema "tulitoka ng'ambo ya mpaka", usiishie Lubumbashi. Kuna Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka pale Lusaka. Wengine waliandikwa Lomami na Kasai, na kuanzia 1925 Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, ikachukua watu hadi Ruanda-Urundi. Karibu na 1928 kampuni ikabadilisha mwendo: badala ya vijana wa miezi michache, ikataka mwanaume aje na mkewe, akae kambini miaka mitatu kwa mkataba, watoto wazaliwe hapo. Kwa mtafutaji ni bahati, maana mke na watoto nao wakaanza kuandikwa.

Kila mfanyakazi wa Union Minière alikuwa na namba, matricule. Uliza wazee wa nyumbani. Mara nyingi namba inakumbukwa wakati mwaka wa kuzaliwa umesahauliwa, kwa sababu ndiyo iliyoitwa kwenye mshahara. Kampuni ilipotaifishwa 1967 na baadaye kuitwa Gécamines, mafaili mengi ya wafanyakazi yalibaki huku Katanga, na wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wameyatumia sana. Karatasi za wakurugenzi ndizo ziko Brussels. Ndiyo, nazo zina faida, lakini hazitakwambia nkambo alioa nani.

Anayejua hilo ni padri. Hapa naomba usome polepole.

Katika kitabu cha ndoa cha parokia, kila bwana na bibi harusi ameandikwa na mahali alipobatizwa. Na sheria ya Kanisa Katoliki inamtaka padri anayefungisha ndoa apeleke habari kule kwenye ubatizo, iandikwe pembeni mwa jina. Kwa hiyo karatasi mbili zinaangaliana. Ukipata ndoa ya Lubumbashi, inakupeleka kwenye misheni ya kijijini. Ukipata ubatizo wa kijijini, pembeni pake pengine utasoma kwamba mtu huyu alioa Élisabethville tarehe fulani. Yule mama wa Katuba, parokia ilimpa ukurasa wa ndoa ya nkambo wake: mstari mmoja wa wino wa bluu, jina la misheni moja ya kaskazini, majina ya mashahidi wawili. Shahidi wa pili alikuwa na kijiji kilekile kilichoko kwenye kadi. Hapo ndipo alipoanza kulia, nami nikajifanya naangalia dirisha.

Usitazame jina na tarehe peke yake. Wasimamizi wa ubatizo na mashahidi wa ndoa mara nyingi walikuwa ndugu au watu wa kijiji kimoja. Na majina ya watoto yana habari zake: kwa Waluba wa Kasai, Mbuyi ni pacha wa kwanza na Kabanga ni wa pili. Ukimkuta Kabanga kitabuni bila Mbuyi, rudi nyuma kurasa chache, au angalia kitabu cha waliofariki.

Kuhusu umri, usigombane na mtu. Neno "vers" mbele ya mwaka, au "circa" kwa Kilatini, maana yake ni kwamba karani alimtazama mzee usoni akakadiria. Nimeona mtu mmoja amezaliwa "vers 1908" kazini na "vers 1914" kanisani. Zote mbili ziandike, usichague.

Tahadhari nyingine: Walamba, Wasanga, Wakaonde na Wabemba huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Makarani wa Kibelgiji waliandika jina la baba hata hivyo. Kwenye karatasi utaona baba, lakini aliyerithi kiti alikuwa mtoto wa dada. Na "frère", yaani kaka, katika faili la kazi anaweza kuwa mtoto wa baba mdogo. Karatasi ikikataa kukubaliana na bibi yako, kwanza msikilize bibi tena.

Brussels, basi. Wabelgiji walipeleka nyaraka nyingi za utawala kwao mwaka 1960. Zilikaa kwenye Wizara ya Mambo ya Nje, na katika miaka ya karibuni zimehamishiwa Nyaraka za Taifa za Ubelgiji. Unaweza kuwaandikia kwa barua pepe ukiwa hapa, kwa Kifaransa. Taja territoire, chefferie, kampuni na miaka. Barua inayosema "natafuta historia ya familia yangu" hurudi na jibu la adabu tu.

Walio na nkambo mzungu wana njia yao. Bunge la Ubelgiji lilipitisha azimio Machi 2018 kuhusu Wametisi, watoto wa baba mzungu na mama Mwafrika, waliotengwa na mama zao wakati wa ukoloni, waziri mkuu Charles Michel akaomba msamaha Aprili 2019, na Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels iliihukumu serikali ya Ubelgiji kwa kesi ya wanawake watano. Nyaraka za Taifa zina kazi maalum ya kuwasaidia Wametisi na wazao wao kupata mafaili. Ubelgiji kwenyewe, kumbukumbu za kuzaliwa zinafunguliwa kwa wote baada ya miaka 100, za ndoa baada ya 75, za kifo baada ya 50.

Maktaba watu huisahau. Gazeti la Mwana Shaba, lililotolewa kwa wafanyakazi wa Union Minière tangu 1957, lina picha za wafanyakazi wenyewe. Kaa nalo asubuhi nzima. Ukiruhusiwa kupiga picha ya ukurasa, zima mwanga wa simu, na usilambe kidole kugeuza karatasi, tafadhali.

Kadi za nyumbani zitoe kwenye skochi (utepe wa gundi) na kwenye plastiki inayotoa jasho; bahasha ya karatasi mahali pakavu, mbali na mchwa, inatosha. Na watoto wa leo waandikwe état civil, ofisi ya kuandikisha vizazi, ndani ya siku 90, kabla jambo halijafika kwenye jugement supplétif, yaani hukumu ya mahakama ya kumwandikisha aliyechelewa.

Yule mama ameiandikia misheni ya kaskazini. Bado hawajajibu. Juzi alipita tena, safari hii na matricule, aliyoipata nyuma ya fremu ya picha.