Peugeot 504 na Toyota Wish: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Dhana iliyoota mizizi zaidi ni kwamba Peugeot 504, gari lililotoka mwaka 1968, lina bati nene na kwa hiyo humlinda abiria kuliko Toyota Wish. Mtu hugonga mlango wake kwa vifundo vya vidole, akasikia mlio mzito, akaridhika. Kwanza, uzito huo haupo: 504 lina takriban kilo 1,200, ilhali Wish lililotoka mwaka 2003 hukaribia kilo 1,300. Pili, kinachoua katika ajali ni nguvu ya mgongano inayomfikia mtu aliyeketi ndani. Pua ya Wish imeundwa ijikunje ili nguvu hiyo iishie kwenye bati, chumba cha abiria kikibaki na umbo lake. Mwaka 2009, taasisi ya usalama barabarani ya kampuni za bima nchini Marekani iligonganisha Chevrolet Bel Air la mwaka 1959 na Chevrolet Malibu la mwaka 2009. Chumba cha dereva wa gari la zamani kilimporomokea mwanasesere wa majaribio aliyeketishwa humo, ilhali cha Malibu kilibaki kizima. Kwa hiyo gari lililopondeka pua lisidharauliwe; limefanya kazi yake.

Kuhusu nguvu, injini ya kwanza ya 504 ilikuwa na sentimita za ujazo 1,796 na ya Wish ina 1,794, lakini ya kwanza, kwa kabureta (kifaa cha kuchanganya petroli na hewa), ilitoa takriban nguvu za farasi 80, na ya pili hutoa 132.

Husemwa pia kwamba gari la kompyuta kama Wish halitengenezeki. Ni kweli kwamba fundi wa 504 huifungua kabureta kwa bisibisi, akaipuliza jeti, yaani kitundu cha kupitishia petroli, kwa mdomo, gari likawaka. Kwenye Wish huchomeka kifaa cha kusoma kompyuta ya gari chini ya usukani, nacho kikamwonyesha pa kuanzia. Hasara huja pale vipuri vinapobadilishwa kwa kubahatisha kabla ya kupima.

Katika jambo moja wazee wanaolisifu 504 wamesema kweli. Kwenye barabara ya mashimo, springi ndefu na laini za 504 hazimrushi abiria, na ni kwa gari hilo dereva Ove Andersson wa Uswidi alishinda Safari Rally mwaka 1975. Wish liko chini mno kwa njia kama hizo.

Viti saba vya Wish navyo visichukuliwe kuwa nafasi ya watu saba pamoja na mizigo yao, kwa sababu safu ya tatu ikifunguliwa, buti hubaki na nafasi ya mifuko michache. Mtoto asipakatwe ili begi lipate kiti. Apewe kiti chake na mkanda wake, hata ikibidi begi litangulie kwa basi.