Je, tangu kale baba peke yake ndiye aliyelisha familia?

Wengi huamini kwamba tangu kale baba ndiye mlishaji pekee, na kwamba mama kuchangia kipato ni jambo la juzi. Imani hiyo inaeleweka, maana mshahara huonekana kuliko jasho lisilolipwa. Lakini kabla viwanda havijaenea katika karne ya 19, kaya nyingi duniani ziliishi kwa kilimo, ufugaji na kazi za mikono. Wanawake walilima, walisokota nyuzi, waliuza mazao. Ajira za viwandani ndizo zilizozidi kutenganisha kazi na nyumba.

Ukitaka kuhakiki, waulize wazee nani alifanya kazi gani, si nani alilipwa. Na usomapo takwimu za zamani, tazama kwanza kama kazi za shambani na nyumbani zilihesabiwa. Mara nyingi, kwa masikitiko, ziliachwa nje.