"Ni malaria tu": dhana potofu kuhusu katheta ya dialisisi

"Ni malaria tu." Kwa mgonjwa wa figo mwenye katheta shingoni, yaani mpira wa dialisisi (kusafisha damu kwa mashine), hakuna maneno ninayoyaogopa kuliko haya. Hapa Uganda mtu akitetemeka, jibu tunalo tayari. Mgonjwa ametoka hospitali ya Kiruddu, Kampala, kusafishwa damu, jioni baridi inamshika, na ndugu wanakimbilia duka la dawa.

Ukweli ni kwamba mpira ule umeingia kwenye mshipa mkubwa, ncha yake iko karibu na moyo. Kijidudu kikipita mdomoni mwa mpira huo kimeshafika kwenye damu. Kwa hiyo homa au kutetemeka, hasa akiwa mashineni au muda mfupi baadaye, kwanza tushuku katheta. Malaria ipimwe, ndiyo. Lakini hata ikionekana, bado katheta haijaondolewa lawama. Arudi hospitali siku hiyohiyo, damu ichukuliwe ikaoteshwe maabara kabla ya antibiotiki ya kwanza. Akianza na vidonge vya dukani, kijidudu kinaweza kujificha kwenye kipimo, daktari akabaki kubahatisha huku ugonjwa ukielekea kwenye vali za moyo au mifupa ya mgongo.

Wengine husema: "Mbona hakuna usaha?" Ngozi inaweza kuwa safi kabisa wakati vijidudu vimejijengea utando ndani ya mpira. Ndiyo maana wakati mwingine dawa peke yake hazitoshi, katheta yenyewe lazima itolewe.

Kupaka mumbwa (udongo wenye dawa za mitishamba) au majivu pale mpira unapotokea, tafadhali, hapana. Bendeji ikilowa au ikibanduka, ibadilishwe na wauguzi wa dialisisi. Na kliniki ya mtaani isitumie katheta hiyo kutundikia dripu, hata kama mishipa ya mkono imegoma. Kila inapofunguliwa ni mlango mwingine wa maambukizi.

Fistula ya dialisisi, yaani mishipa ya mkono inayounganishwa ili itumike kusafishia damu badala ya katheta, nayo inaogopwa kwa sababu ya upasuaji wa mkono. Naelewa hofu hiyo. Lakini ni mshipa wa mgonjwa mwenyewe, hakuna mpira unaobaki mwilini, na ndiyo njia yenye maambukizi machache zaidi. Huchukua wiki kadhaa, hata miezi, kukomaa, basi iulizieni mapema.

Barakoa nayo si mambo ya korona. Katheta inapofunguliwa, muuguzi avae na mgonjwa avae. Ikisahaulika, ni haki yako kusema: "Sista, tuvae kwanza."