Maana ya ziada ya neno: kwanini mama ntilie na mama lishe ni mtu mmoja ila sio neno moja

Tulikuwa na msiba Temeke, bibi yetu alifariki, na kwenye ndugu waliokuja kuna binamu yetu mmoja amezaliwa na kukulia Marekani, Kiswahili kajifunza kwa mama yake na kingine kwenye simu, anaongea vizuri tu. Wazee wamekaa kwenye mkeka, yeye akaingia kwa heshima kabisa, akainama, akasema shikamooni, alafu akauliza, "Bibi amekufa saa ngapi, na maiti iko wapi?" Pakawa kimya. Mjomba akaangalia chini, shangazi akanyanyuka akatoka nje. Kijana akajua kuna mahali kakosea ila hakujua ni wapi, maana kila neno alilosema lipo kwenye kamusi na kila neno lilikuwa sahihi, bibi kweli amekufa na mwili wa mtu aliyekufa kweli unaitwa maiti. Jioni nikakaa naye nje karibu na masufuria ya wapishi nikamuelekeza, hapa tunasema bibi ametutoka, au amefariki, au ametangulia mbele za haki, na tunauliza mwili uko wapi. Akaniuliza, "Kwani tofauti ni nini, si kitu ni kile kile?"

Kitu ni kile kile kweli. Ila neno likitoka mdomoni linabeba maana mbili kwa mpigo. Kuna maana ya msingi, hii ndo ya kamusi, inakuonyesha kitu chenyewe. Alafu kuna maana ya ziada, hii inakuonyesha anayeongea amesimama upande gani, anaheshimu au anadharau, ana uchungu au hajali, ni mtu wa ndani au mpita njia, yuko ofisini au yuko kijiweni. Kufa na kufariki maana ya msingi ni moja, ila kuku anakufa, hujawahi kusikia kuku amefariki. Kufariki tumemuwekea mtu, na tena mtu tunayemheshimu, ndo maana mwizi wa mtaani akipigwa watu wanasema kafa, na kwenye kijiwe wanasema kadedi. Vilevile maiti ni ya mtu na mzoga ni wa mnyama, na ukimwita binadamu mzoga umeshamtukana hata kama hujaongeza neno lingine lolote.

Njia rahisi ya kuiona hii maana ya ziada ni kushika sentensi moja, unabadilisha neno moja tu alafu unasikiliza moyo wako unavyokwenda. Jamaa ana hawara. Jamaa ana mchepuko. Jamaa ana mpenzi mwingine. Kilichotokea ni kimoja na mke wake ameumia vilevile, lakini hawara limeshahukumu kabla hujasikia stori, mchepuko linakaribia kucheka maana mchepuko ni kanjia ka pembeni tu unakaingia alafu unarudi barabara kubwa, na mpenzi mwingine limeshaanza kumuombea msamaha. Wakenya wao wana mpango wa kando, hilo nalo linafanya ionekane kama ni ratiba tu imepangwa.

Sasa mfano ninaoupenda mimi kuliko yote ni mama ntilie. Lile jina lenyewe ni sauti ya mteja, mama nitilie, umesimama na sahani unasubiri kupakuliwa, kwahiyo ukilisikia tu unaona benchi, moshi wa kuni, sufuria limefunikwa na sinia, wali maharage na mchicha na kipande cha samaki, na ndoo ya maji ya kunawa pale pembeni. Baadae likaja mama lishe. Hili utalikuta kwenye matangazo ya halmashauri, kwenye semina, kwenye fomu za mikopo ya vikundi, na lishe ni neno la kliniki, lina harufu ya usafi na mtu aliyevaa koti jeupe. Mwanamke ni huyo huyo na sufuria ni lile lile. Nilimuuliza mama mmoja ninapokula mchana yeye anapenda aitweje, alikuwa anageuza chapati hata hakuniangalia, akanijibu, "Wakija watu wa mkopo mimi mama lishe, wewe ukija na njaa mimi mama ntilie, ila kwenye fomu ya shule ya mwanangu waandike mjasiriamali." Hakuna mwalimu wa isimu aliyewahi kunieleza hili jambo vizuri kama yule mama, kwasababu anajua kila neno linamfungulia mlango gani na linamfungia upi, na la shule amelichagua kwa ajili ya mtoto, asije akachekwa na wenzake darasani.

Kiswahili kina uwezo mwingine ambao naona tunauchukulia poa sana, kinaweza kubadilisha maana ya ziada bila hata kubadilisha neno, kinagusa mwanzo wake tu. Mtu, jitu, kijitu. Mtoto, toto, kitoto. Mama aliyejifungua juzi akisema kitoto changu kinalia ni mapenzi matupu, lakini ukisema kijitu kile kimenijibu vibaya hapo umemchukua binadamu mzima ukamshusha mpaka akalingana na kijiko, na angalia hata kitendo kimefuata, kimenijibu badala ya amenijibu. Mzee ni heshima, kizee ni dharau, ila bikizee tena ni upole. Herufi mbili tatu zinafanya kazi ambayo lugha nyingine zingehitaji sentensi nzima.

Majina ya watu ndo yamejaa zaidi. Uswahilini kwetu kuna watu wanaitwa Shida, Tabu, Mashaka, Sikujua, na aliyepewa jina hilo mara nyingi ni kwamba kuna jambo lilitokea kipindi anazaliwa, mama alipata tabu ya uzazi au nyumba ilikuwa kwenye matatizo, jina likabaki kama kumbukumbu ya familia. Chausiku kazaliwa usiku, Mwanaidi kazaliwa sikukuu ya Idi. Hiyo ni maana ya msingi ya jina. Alafu maisha yanaongeza yake juu. Majuto kwa kamusi ni uchungu wa kukosea, tena majuto ni mjukuu, lakini mtaje Majuto mbele ya Mtanzania wa rika langu uone, anatabasamu kabla hata hujamaliza, maana anamuona King Majuto wa Tanga, mchekeshaji aliyetuvunja mbavu miaka na miaka mpaka alipofariki mwaka 2018. Mtu mmoja kachukua neno la huzuni kalijaza kicheko.

Kuna upande mbaya pia na huu unaniuma. Mwajuma ni jina zuri la mtoto wa kike, lina Ijumaa ndani yake, siku tukufu kwa Waislamu, lakini watu walivyoanza kusema Mwajuma ndala ndefu kumaanisha msichana wa uswahilini asiye na ustaarabu, basi kuna mabinti wanaitwa Mwajuma wakifika chuo au kazini wanajitambulisha kwa jina lingine. Binti hajafanya kosa lolote. Jina limebebeshwa mzigo na watu wengine na yeye ndo anautembeza, na akilibadilisha anamuacha bibi yake aliyemrithisha hilo jina.

Na Mangi je. Leo ukisema naenda kwa Mangi kila mtu anajua unaenda dukani kununua sukari robo na vocha, hata kama mwenye duka katoka Kigoma. Lakini mangi ni cheo cha watawala wa Wachaga, Mangi Meli wa Moshi alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900 wakimtuhumu kupanga njama dhidi yao. Uchifu ukafutwa kisheria mwaka 1963, Wachaga wengi wakawa wafanyabiashara mijini, cheo kikakosa kiti kikahamia kaunta ya duka. Ukilitamka Old Moshi mbele ya wazee na ukilitamka Sinza dirishani kwenye nondo za duka, herufi ni zile zile tano ila umesema vitu viwili tofauti.

Muda nao unahamisha maana ya ziada na mfano mzuri ni bibi. Bibi Titi Mohamed alizaliwa mwaka 1926 na alianza kuongoza wanawake wa TANU mwaka 1955, piga hesabu, hajafika hata miaka 30 na tayari ni Bibi Titi, kwasababu kwa watu wa Pwani bibi ilikuwa heshima ya mwanamke, ndo ile Bi. tunayoandika mpaka leo kwenye barua, Bw. na Bi. Leo muite dada wa miaka 29 kwenye daladala "bibi naomba upishe kidogo" uone atakavyogeuka. Kilichobadilika ni sikio, limezoea kusikia mama mzaa mama.

Na umbali pia unahamisha. Mkenya akiingia hotelini Dar akasema nipe chai yeye kaagiza tu, kwao ni kawaida, ila mhudumu wa Dar aliyezoea naomba chai anasikia amri. Wote wawili wanaongea Kiswahili na wote wana adabu.

Sasa kuna sehemu ambayo maana ya ziada inaacha kuwa ya msibani na hotelini inaingia kwenye sheria za nchi, na hapa naomba usome taratibu. Takrima. Ni neno tamu, shina lake ni moja na ukarimu na karamu, ni kumheshimu mgeni, kumpa maji na chakula, na hakuna Mswahili anayeweza kusimama kupinga ukarimu. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi Tanzania ilirekebishwa, ikasema kitu anachotoa mgombea kwa nia njema kama ukarimu wa kimila kisihesabiwe kuwa rushwa. Basi pilau na khanga za kampeni zikapata jina la heshima. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzao wakaenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema vile vifungu vinapingana na Katiba. Ile sahani ya pilau ilikuwa ni ile ile kabla na baada. Ukiiita hongo mpokeaji anaona aibu, ukiiita takrima anasema asante na anajisikia ana deni la mgeni kwa mwenyeji, na deni la namna hiyo kwetu linalipwa. Ndo maana huwa nasema mtu anayechagua neno kwenye jambo kubwa usimuangalie tu ametaja kitu gani, angalia anataka ujisikiaje. Chai, ya maji, ya soda, kitu kidogo, yote yanafanya kazi hiyo hiyo kila siku barabarani, yanapunguza jambo mpaka linaenea kwenye kikombe.

Swali ambalo watu huuliza ni nani ana haki ya kusema neno flani ni zuri au baya, na jibu langu ni mwenye neno, yule linayemtaja. Nakupa mfano wa kiziwi. Kuna watu wengi maofisini wanaliogopa hilo neno, wanaona lina ki- kama ile ya kijitu, kwahiyo wanazunguka, mtu asiyesikia, mwenye changamoto ya kusikia. Wenyewe chama chao wamekiita Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, neno wamelishika wazi wazi. Wasilotaka ni bubu, maana bubu linasema huyu hana lugha, na wao lugha wanayo, wana lugha ya alama, mikono inaongea siku nzima. Na kwenye ile ki- wala hawajashushwa, sema sentensi nzima usikie mwenyewe, kiziwi amefika, kiziwi ameuliza, ni a- ya mtu, hakuna anayesema kiziwi kimefika.