Tusimwambie mwanafunzi wa uuguzi ajikaze

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikifundisha somo hilo katika chuo kimoja hapa Nairobi. Swali ninaloulizwa mara nyingi na wazazi, hata na wauguzi wenzangu wa rika langu, ni kama wanafunzi wa siku hizi wamekuwa laini. Wanasema sisi tulipitia mengi na hapakuwa na mshauri wa kutubembeleza. Tangu korona swali hilo limezidi, maana ni wakati ule ndipo wanafunzi walianza kusema waziwazi kwamba wamelemewa.

Mimi nilikuwa nao, na sikuona ulaini wowote. Niliona vijana wa miaka ishirini na kitu wakibebeshwa mzigo wa watu wazima bila kupewa watu wa kuwashika mkono. Ustahimilivu wa mtu hutegemea sana nani yuko karibu naye na anafanya nini, na hilo ndilo ningependa kulieleza hapa.

Tukumbuke yaliyowapata. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeufanya 2020 kuwa mwaka wa wauguzi na wakunga duniani kote. Machi 11 shirika hilo hilo likasema korona ni janga la dunia, na siku mbili baadaye Mutahi Kagwe, Waziri wa Afya wa wakati huo, akatangaza kisa cha kwanza Kenya, hapa hapa Nairobi. Kufikia tarehe 20 vyuo vilikuwa vimefungwa. Mwanafunzi wa uhasibu aliweza angalau kusomea kwenye simu, bando likiwepo. Wa uuguzi hawezi kujifunza kumtoboa mtu mshipa kwa Zoom. Bila kutimiza muda wake wodini hawezi kukalia mtihani wa leseni wa Baraza la Wauguzi, kwa hiyo wodi zilipomfungia mlango, siku ya kuanza kulipwa mshahara nayo ikasogea, huku nyumbani wadogo zake wakisubiri karo.

Wengine walipokuwa wamerudi, Desemba 7, 2020 wauguzi wa kaunti wakaanza mgomo uliovuka mwaka. Mwishoni mwa Machi 2021 Nairobi na kaunti nyingine nne zikafungwa, kafyu ikianza saa mbili usiku. Matatu ya abiria 14 ilikuwa ikibeba 8, nauli juu. Sasa mfikirie mwanafunzi aliyepanga chumba Kayole, mashariki mwa jiji, na mafunzo yake yako upande wa pili, Ngong Road. Halipwi, hana marupurupu ya mazingira hatarishi, nauli ni yake mwenyewe, na zamu ikichelewa kidogo anaanza kuhesabu saa zilizobaki kabla ya kukutana na polisi barabarani. Akifika kwenye ploti majirani wanavuta watoto ndani. Wengi walijifunza kusafiri na nguo za kawaida, yunifomu imefichwa chini kabisa ya begi. Na wazazi ushago, kwa mapenzi yao yote, walikuwa wakipiga simu kusema usije Pasaka hii, bibi ni mzee.

Mtu akiniambia kijana aliyepita hayo ni laini, namwomba anieleze ugumu ni nini.

Wacha nieleze jinsi mzigo huo unavyoingia mwilini, kwa kisa cha mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu. Nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike. Alinijia akisema hapati usingizi, tena alitaka tu nimwambie dawa ya duka. Tulipokaa, mambo yakatoka. Wodini alikuwa amepewa kazi ya kuhesabu pumzi za wagonjwa. Sisi wakufunzi husisitiza ahesabu dakika nzima, asikisie, kwa sababu mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kama 12 hadi 20 kwa dakika, na mgonjwa wa mapafu akipita 30 hiyo ni hatari. Akaishika kazi hiyo vizuri mno, hata ikamfuata hosteli. Mwenzake akilala kitanda cha juu, yeye wa chini anahesabu. Kwenye matatu anamwangalia abiria wa mbele mabega, yanapanda, yanashuka. Saa tisa usiku angesimama kitandani na kumulika blanketi la mwenzake kwa simu aone kama bado linatikisika.

Hakuwa na wazimu, ingawa yeye mwenyewe alihofia hivyo. Ubongo una sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo kazi yake ni kunusa hatari na kupiga king'ora. King'ora kikilia, adrenalini na kotisoli humwagika kwenye damu, moyo unakimbia, usingizi unaruka, macho yanatafuta tu lile linaloweza kuua. Hiyo ni kazi nzuri kabisa wodini. Shida ni kwamba hakuna aliyekiambia king'ora hicho zamu imeisha. Hapo ndipo nilipomuuliza: ukitoka jioni, wagonjwa wako unamkabidhi nani? Akanitazama. Hakuwa anamkabidhi mtu. Muuguzi aliyeajiriwa hapotei tu akaenda zake. Huzunguka kitanda kwa kitanda na mwenzake wa zamu inayoingia, akisema huyu oksijeni yake iko hivi, huyu hajala, huyu mwangalie usiku. Mwanafunzi huaga mlangoni na kwenda kukimbizana na kafyu. Kwa hiyo wagonjwa wake walibaki kuwa wake usiku kucha.

Tukapanga na msimamizi wa wodi kwamba kila jioni, kabla ya kuvua gauni, awakabidhi wagonjwa wake kwa mdomo, mbele ya muuguzi wa usiku, naye amjibu: nimewapokea. Hatukuishia hapo. Kulikuwa na mazoezi ya usingizi, na tulizungumza sana juu ya mgonjwa mmoja aliyefariki mikononi mwake. Lakini katika yote tuliyofanya, yale makabidhiano ndiyo aliyoyataja baadaye kuwa yalimrudishia usiku wake. Hayakugharimu shilingi.

Mwanasaikolojia wa Marekani Christina Maslach, aliyechunguza uchovu wa kazi kwa miongo mingi, anauona kwa sura tatu: mtu hukauka hisia, hujitenga na wale anaowahudumia, na huanza kujiona hana faida kazini. Kwa wanafunzi mimi huitafuta ile ya pili kwanza, kwa sababu haijifichi. Msichana aliyekuwa akisema "Mzee wetu hajambo leo" anaanza kusema "kitanda cha nne kimekataa dawa". Simkemei. Hajawa mtu mbaya, amejenga ukuta kwa sababu hana pengine pa kujificha. Ukimkemea anaongeza tofali.

Lipo jambo jingine zito zaidi, na naona halisemwi vya kutosha. Darasani tunawafundisha kwamba anayekata roho asiachwe peke yake, na kwamba jamaa zake wawe karibu wakitaka. Kisha korona ikaja na amri ya kutoruhusu wageni. Nani alitumwa langoni? Mara nyingi alikuwa mwanafunzi. Ndiye aliyepokea mfuko wa nguo safi na flaski ya supu kutoka kwa mke wa mgonjwa, ndiye aliyesema "hairuhusiwi, mama", na siku mbili baadaye ndiye aliyerudisha flaski ikiwa bado imejaa. Familia ikaenda kuzika kwa haraka, waombolezaji 15 tu. Mwanafunzi huyo hana ugonjwa wa woga unaohitaji tiba. Dhamiri yake inafanya kazi sawasawa, na inamwambia alishiriki jambo alilofundishwa kuwa si sahihi. Wataalamu huliita jeraha la dhamiri. Daktari Jonathan Shay, Mmarekani, alilieleza kutokana na miaka yake ya kuwatibu wanajeshi waliopigana Vietnam, na janga la korona lilituonyesha kuwa wodini pia linatokea.

Jeraha la aina hiyo haliponi kwa kuvuta pumzi taratibu. Linahitaji mtu mwenye cheo asimame mbele ya wanafunzi na kusema: amri ilikuwa yetu, tuliitoa kwa sababu hizi, na kama kuna lawama ni zetu, si zenu. Nimeona uso wa kijana ukibadilika kwa maneno hayo. Linahitaji pia nafasi ya kuwataja waliokufa. Baadhi ya wanafunzi wangu waliomba tu dakika chache za sala pamoja, Wakristo na Waislamu, kila mmoja kwa njia yake, na walilofanya lilikuwa sahihi.

Ninaposema ustahimilivu hutoka kwa watu na mazingira, sijitungii. Ann Masten wa Chuo Kikuu cha Minnesota amewafuatilia kwa muda mrefu watoto waliokulia katika shida kubwa, akitafuta ni nini kiliwasaidia waliosimama imara. Hakukuta kipaji cha ajabu. Alikuta mambo ya kawaida: mtu mzima mmoja anayejali, marafiki, shule inayoendeshwa vizuri, imani, hisia kwamba juhudi zako zinaleta kitu. Ukiyaondoa hayo halafu umwite kijana kwenye semina ya kujenga ustahimilivu, umempa mwavuli uliotoboka na somo la kuvumilia mvua.

Na kuhusu semina, kuna lile zoea la kuwakusanya watu mara moja baada ya tukio baya, kila mtu alazimike kusimulia alichokiona. Limechunguzwa, na matokeo hayakulisifu: kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii msongo wa baada ya kiwewe, na wengine huweza kuwaumiza zaidi. Shirika la Afya Duniani halikipendekezi. Linapendekeza huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo ni nyepesi: tazama nani anahitaji nini, sikiliza bila kumlazimisha aseme, muunganishe na msaada. Mara nyingi "msaada" wenyewe ni nauli, chakula cha jioni, au mtu wa kuzungumza na mwenye hosteli aliyetishia kumfungia nje.

Chuoni kwetu tulianza kukaa nao vikundi vidogo mwisho wa zamu, dakika kumi hivi, chini ya mti au kwenye ngazi. Mkufunzi haulizi "mko sawa?" kwa sababu jibu linajulikana: tuko sawa, mwalimu. Anauliza, ni jambo gani la leo utakwenda nalo nyumbani? Anayetaka kunyamaza ananyamaza. Aliye mwaka wa juu hupangwa pamoja na wa mwaka wa chini, na huyu mkubwa huambiwa wazi kuwa kazi yake si kutibu, ni kugundua na kutuletea habari.

Usingizi, chakula na kupunguza kusoma habari za vifo kwenye simu vina maana, sitavidharau. Pumzi ya polepole, yenye kutoa hewa kwa muda mrefu kuliko kuivuta, hushusha mapigo ya moyo kweli. Nawafundisha yote hayo. Sitaki tu yatumike kama kisingizio cha kutonunua barakoa za kutosha.

Kuna hofu moja ambayo lazima niitaje. Wanafunzi huogopa kwamba wakisema wana huzuni nzito, jina litaandikwa mahali na leseni itapotea. Nimewasikia wakisaidiana kujibu kwa uongo fomu ya kupima huzuni hiyo. Fomu tunayotumia ina maswali tisa juu ya wiki mbili zilizopita, kila moja lina alama 0 hadi 3, na anayefikisha 10 tunaketi naye kumchunguza zaidi. Haifukuzi mtu. Swali la tisa huuliza kama umewahi kuwaza ni heri ufe au ujidhuru. Wakufunzi wengine hulikwepa, wakidhani watampandikizia mtu wazo. Utafiti hauonyeshi hivyo, na wengi wanaoulizwa hupata nafuu kwa kuwa hatimaye kuna aliyethubutu. Kwa miaka mingi sheria yenyewe ilichangia ukimya huu: kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la kufungwa. Januari 2025 Mahakama Kuu hapa Nairobi ilitamka kuwa kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mkufunzi anayesoma hapa, waambie wanafunzi wako jambo hilo. Wengi hawalijui.

Magonjwa ya mlipuko hayajaisha. Mpox iliingia nchini Julai 2024, na wanafunzi walikuwa wodini kama kawaida. Kwa hiyo wakuu wa vyuo, kabla ya janga lingine kuja, yaandikeni haya kwenye makubaliano yenu na hospitali: mwanafunzi apate vifaa vya kujikinga sawa na mwajiriwa, awe na muuguzi mmoja anayewajibika kwake kila zamu, akabidhi wagonjwa kabla ya kuondoka, na asitumwe langoni peke yake kupeleka habari za msiba.

Na wewe mwanafunzi unayesoma haya usiku kwa sababu usingizi umekataa, usisubiri upate maneno mazuri. Kesho mwendee mkufunzi unayemwamini useme hivi tu: "Mwalimu, sijalala vizuri wiki mbili na nimeanza kukosea kazini. Naomba unisaidie." Kama kwenu hakuna wa kumwendea, Msalaba Mwekundu wana laini ya 1199, haina malipo. Na kama ni mawazo ya kujidhuru, usikae nayo peke yako hadi asubuhi. Mwamshe mwenzako wa chumba sasa hivi, mwende pamoja kwenye idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu.