Je, wajua kwa nini mvuta vepu hajui amevuta kiasi gani?

Muulize mvuta sigara wa kawaida amevuta ngapi tangu asubuhi, atakujibu papo hapo: tatu, saba, nusu pakiti. Muulize anayetumia sigara ya kielektroniki, ambayo wengi huiita vepu, atabaki anakutazama. Hafichi kitu. Hana cha kuhesabu.

Sigara ya tumbaku ina mwisho. Inaungua, kipande kinatupwa, na anayetaka nyingine lazima aamue upya kuiwasha. Vepu haina mwisho wa namna hiyo. Ndani yake mna betri, waya mwembamba uliosokotwa, na pamba iliyolowa kimiminika cha propilini glaikoli, gliserini, ladha za kutengenezwa na, mara nyingi, nikotini. Ukivuta, waya unapata moto, kimiminika kinageuka wingu, unalivuta, kifaa kinarudi mfukoni. Dakika mbili baadaye kinatoka tena. Hakuna kiberiti wala majivu, na harufu yake haimfukuzi mtu sebuleni, kwa hiyo kinavutwa kitandani, garini, kazini (ndiyo, hata chooni).

Jambo la pili liko kooni. Nikotini ya kawaida huwasha koo, na ikizidi ukali mtu anakohoa na kuacha. Watengenezaji wakapata dawa ya hilo: wanaichanganya na asidi, kwa mfano ya benzoiki, ukali unapungua, na hata kipimo kikubwa kinateremka kilaini. Juul, chapa ya vepu iliyoingia sokoni Marekani mwaka 2015, ndiyo iliyoipa mbinu hiyo umaarufu. Kimiminika chake kikali kilikuwa na takriban miligramu 59 za nikotini kwa kila mililita, ilhali Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya 20. Ukiongeza ladha ya embe au mnanaa, kijana ambaye sigara ingemtapisha anavuta kutwa nzima bila kukohoa. Binafsi naona hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, maana nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, inaamsha dopamini, yaani kemikali ya ubongo inayoleta raha, na ubongo ambao bado unakua, yaani hadi umri wa miaka 25 hivi, hunasa haraka.

Na lile wingu si mvuke wa maji. Ni matone madogo mno yanayofika ndani kabisa ya mapafu, na vipimo vimekuta humo madini kama nikeli, kromiamu na risasi yanayotoka kwenye kifaa, pamoja na fomaldehaidi inayozalishwa kimiminika kikipata moto mkali. Nikotini yenyewe hupandisha shinikizo la damu na kuharakisha mapigo ya moyo. Mwaka 2019 Marekani ilikumbwa na mlipuko wa ugonjwa wa mapafu kwa watumiaji wa vifaa hivi: hadi Februari 2020 watu 2,807 walikuwa wamelazwa au kufariki, vifo vikiwa 68. Mshukiwa mkuu alikuwa mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa kwenye vimiminika vya bangi, hasa vya magendo.

Haki itendeke: moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na angalau 70 kati yake husababisha saratani. Anayeacha sigara kabisa na kuhamia vepu anapunguza sumu anayoivuta. Anayevuta vyote viwili hapati nafuu ya maana, na ambaye hakuwahi kuvuta amejitafutia hasara tupu. Tukumbuke pia kwamba vepu ya kisasa ilibuniwa China na mfamasia Hon Lik mwaka 2003, na saratani huchukua miongo kujitokeza, kwa hiyo madhara yake ya muda mrefu bado hayajajulikana vizuri.

Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019 unaonyesha pande zote mbili. Wavutaji 886 waligawanywa: wengine wakapewa vepu, wengine vibandiko, chingamu na bidhaa nyingine za nikotini. Baada ya mwaka, asilimia 18 ya kundi la vepu walikuwa wameacha sigara, dhidi ya asilimia 9.9 ya kundi la pili. Lakini kati ya hao waliofaulu kwa vepu, asilimia 80 bado walikuwa nayo mkononi. Kwa wale wa vibandiko na chingamu, walioendelea na bidhaa zao walikuwa asilimia 9 tu.

Basi anayetaka kuacha vepu aanze kwa kuiwekea mipaka ambayo kifaa hakina. Kitandani hapana, garini hapana, kabla ya kifungua kinywa hapana. Ashuke ngazi kwa ngazi kwenye kiwango cha nikotini, kisha apange siku ya kuacha. Arosto itakuja: hasira, usingizi wa mang'amung'amu, njaa, akili kutotulia. Huwa kali zaidi siku tatu za mwanzo na hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Hamu yenyewe ikipanda hudumu dakika chache tu. Inuka, tembea, kunywa maji, mpigie mtu simu.

Kwa anayeacha tumbaku, kibandiko cha nikotini pamoja na chingamu hufanya kazi vizuri kuliko kimoja peke yake. Chingamu hiyo haitafunwi kama jojo. Itafune taratibu hadi uhisi mwasho, kisha ibane kati ya shavu na ufizi. Ukimeza mate yake mengi utaishia na kwikwi na kiungulia. Zipo pia dawa za vidonge. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2024, linataja varenikilini, bupropioni na sitisini, zikiambatana na ushauri nasaha. Hizo ni za kuandikiwa na daktari, na mjamzito, mwenye kifafa au mgonjwa wa moyo asizimeze kabla ya kumweleza daktari hali yake.

Siku ikifika, kifaa kisibaki kwenye droo "kwa dharura". Kimiminika kilichobaki ni sumu kwa mtoto akikinywa, hata kidogo, na betri yake inaweza kulipuka ikitupwa kwenye taka zinazochomwa.